Amin ya Mjomba Sefu

Nilipokuwa mdogo, bado nalala kitanda kimoja na Bibi, niliamini kwamba Mjomba Sefu ni mtu asiyeweza kunyamaza. Alikuwa na sauti nene iliyojaza uwanja bila kipaza sauti. Bibi alipenda kutuhadithia kwamba mwanawe huyo alipokuwa kijana, akiadhini, watu wa ng'ambo ya mto walitawadha kwa adhana yake. Sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha alikofika. Wakati wa kudai uhuru alizunguka pwani akihutubia, baadaye akawa katibu wa Chama, kisha wakubwa wakampa ukuu wa wilaya, tena wilaya yetu wenyewe, jambo lisilo la kawaida. Kitongoji chetu kilikuwa kaskazini ya mji wa Bagamoyo, njia ya Saadani, na sisi watoto tuliringa sana. Tulikuwa na Serikali yetu nyumbani.

Ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Wazee wetu hawakukataa. Waliomba tu wasubiriwe waangue nazi zao. Mjomba akaja na Landrova, akasimama mbele ya watu, akaapa kwamba hakuna atakayewagusa kabla ya hapo. Wakamwamini, mtoto wao yule. Haukupita muda, Ijumaa moja wanaume wakiwa wamekwenda kuswali kijiji jirani na sisi wengine tuko mashambani, mgambo wakaja wakatia moto nyumba. Ilikuwa kiangazi, na makuti makavu hayahitaji kubembelezwa. Bi Tatu, shoga wa Bibi tangu walipochezwa unyago pamoja, alikuwa hawezi kutembea. Alitolewa moto umeshamla miguu. Alifia kwenye kijiji kipya kando ya barabara, ndani ya kibanda cha matawi, akiomba maji.

Mjomba alikuja matangani. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Mpaka leo sina shaka na machozi yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani aliyeagiza?"

"Sijui, mama. Namtafuta. Nikimpata atanitambua."

Bibi alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi na sisi tutakusaidia kumtafuta. Itasomwa Halbadiri."

Kwetu neno hilo halikutajwa ovyo. Mtoto akilitamka alipigwa kibao cha mdomo. Halbadiri ni kisomo cha kumshtakia Mungu dhalimu asiyejulikana. Jina la mtu halitajwi. Tuliamini kwamba kisomo chenyewe humtafuta aliyetenda, na kikimpata hakimwachi mpaka akiri kwa mdomo wake mbele ya aliowadhulumu na kuwataka radhi.

"Mama, Serikali haitaki ushirikina," Mjomba alisema.

"Kumlilia Mungu ndio ushirikina? Utakuja, na utakaa mbele, watu wauone uchungu wako."

Waombolezaji wote walikuwa wanamtazama. Akakubali kwa kichwa.

Kilisomwa baada ya Alasiri, wanaume wamekaa mkekani, sisi wanawake nyuma ya kanga iliyotundikwa. Ubani ulikuwa wa Bibi. Hakutaka mtu mwingine autoe, wala mtu mwingine ashike chetezo. Maalim alisoma, na kila alipotua watu waliitikia amin, sauti zao zimejaa hasira. Bibi aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Halafu nikamwona ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa.

"Unaisikia sauti ya mjomba wako?" alininong'oneza.

Nikatega sikio. Nilisikia watu wote, hata Mzee Kombo, mume wa Bi Tatu, ambaye siku zote alisema chini chini. Nikachungulia pembeni ya kanga. Mjomba alikuwa mbele, amekazia macho mkeka, midomo imefumbwa.

"Haitikii, Bibi."

Aliweka chetezo chini. Hakupiga kelele, maana kisomo kile hakikatizwi. Maalim akaendelea, watu wakaendelea kuitikia, na makaa yaliendelea kutoa moshi wa ubani wake.

Kesho yake Bibi alinishika mkono tukapanda lori la chumvi hadi mjini, nyumbani kwa Mjomba. Hakumpa hata nafasi ya kuamkia.

"Nenda kawaambie. Waombe radhi."

"Mama, amri ilitoka juu. Nisingeagiza mimi, angeagiza mwingine."

"Bi Tatu hakufia huko juu."

"Nikikiri, kazi yangu imekwisha."

"Na usipokiri?"

Mjomba akacheka, kile kicheko chake cha mikutanoni. "Mama, zama hizo zimepita." Akatuitia dereva aturudishe. Njia nzima Bibi alilia, na dereva alijifanya haoni.

Wala hakuadhibiwa na mtu. Alipandishwa, akawa mkuu wa mkoa huko bara, na kijiji kikashangilia. Bibi hakushangilia. Kila hotuba ya Mjomba iliporushwa redioni alikwenda kukaa dukani kwa jirani mwenye redio, na hakujali maneno, alisikiliza sauti tu. Ilipita miaka hivyo, nikaanza kufikiri Mjomba amenusurika. Siku moja, katikati ya hotuba, sauti ile ikakwaruza, ikakohoa, ikarudi nyembamba.

"Imeanza," Bibi akasema, akanyanyuka.

Madaktari walisema ni ugonjwa wa koo, na kweli Mjomba alivuta sigara bila kiasi. Akapumzishwa kazi. Akaletwa kwa mama yake, shingo imefungwa kitambaa, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyetaka watu waitwe. Walikuja wote wa kitongoji cha zamani. Maalim akamwambia, "Sema, mwanangu." Mjomba akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena mpaka mishipa ikamtoka, ikatoka pumzi.

Bibi akapiga magoti. "Ni yeye aliyeagiza. Nawaombeni mumsamehe."

Mzee Kombo alijibu bila hasira. "Tunajua, dada. Tulijua siku ile ile. Nani asiyeijua sauti ya Sefu? Sote tulisikia haitikii."

"Mlijua? Mkaniacha nimfukizie mwanangu ubani?"

Mzee aliitazama fimbo yake. "Tatu alikuwa mke wangu," akasema.

Walisema wamesamehe, mmoja mmoja, wakishuka kibarazani, na sikuona aliyegeuka kumtazama. Mjomba alifariki kabla ya mvua za masika.

Mimi nimesoma, najua sigara hufanya nini kooni. Ningependa sana iwe sigara, kwa sababu Bibi hakuiwasha yeye. Lakini hata ikiwa ni sigara, haimwondolei Bibi kitu. Aliomba mwanawe aangamizwe, majirani zake wakajua, wakamwitikia. Na mtu pekee aliyefumba mdomo siku ile alikuwa na hatia, na uoga wake ulitufaa kidogo zaidi ya uongo wake, maana ulisema kweli.

Kwenye hitima ya Mjomba, Maalim alimwombea marehemu, watu wakaitikia kwa sauti. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Bibi, nikatega sikio kama alivyonifundisha. Mikono ameiinua, machozi yanamtoka, midomo imefumbwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia tena akisema amin.