Mjomba Asisogee: Utumishi Wangu kwenye Gramafoni ya Bibi

Siku ya kwanza kazini niliripoti na kaptula ya shule, mdomo umejaa muhogo wa kuchemsha. Mwajiri wangu, Bibi, alinitazama kama bosi anavyomtazama mtu aliyeingizwa kazini na ndugu zake, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, "gramafoni utalinganisha wewe. Mikono yangu inatetemeka."

Hapo nikaajiriwa. Mshahara sijauona mpaka leo.

Ninyi mnaobonyeza simu ikaimba, tulieni niwaelekeze. Gramafoni ina sahani inayozunguka. Unalaza santuri juu yake, unashusha mkono wenye sindano, sindano inafuata mfereji. Sahani ikiinama hata kidogo, mkono unavutwa bondeni, sindano inaruka, na kila ikiruka inaacha mkwaruzo. Kwa hiyo unachukua pimamaji, ile ya mafundi uashi yenye kitone cha hewa ndani ya kioo, unaiweka juu ya sahani yenyewe. Si juu ya meza! Meza inaweza kuwa na akili timamu na sahani ikawa imelewa. Unapima kushoto kulia, unageuza, unapima mbele nyuma, unachomeka vipande vya kifuu cha nazi chini ya miguu mpaka kitone kitulie katikati.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa nyumba ya Bibi ya Rasbura, sakafu ya saruji, kazi ya kusinzia. Santuri zilikuwa nyingi, ila moja ndiyo Bibi aliyoiogopea: ile ambayo marehemu Babu anapiga fidla. Katikati ya wimbo waimbaji wananyamaza, Babu anabaki peke yake. Nakala nyingine hatujui ilipo. Picha zake zimefifia zote. Tumebaki na kile kipande tu.

Bati la Rasbura lilipozidi kuvuja tukahamia nyumba ya ukoo, katikati ya mji wa Lindi, ghorofani, sakafu ya mbao juu ya boriti kuukuu. Huko nikapata bosi wa pili: Mjomba, mtoto wa kwanza wa Bibi, mwenye tumbo la cheo kikubwa.

Mambo yakaanza kuwa ya ajabu. Tukiwa mimi na Bibi, Babu anapiga bila kwikwi. Wageni wakija, sindano inaruka palepale kwa Babu. Idi Mosi iliruka mbele ya ukoo mzima. Mjomba akapiga paja.

"Mama, hili sanduku linatuaibisha. Kesho likiruka tena nalipeleka kwa watu wa vyuma chakavu, nakununulia spika ya blututhi."

"Na Babu je?" nikauliza.

"Atafutwe mtandaoni."

"Mtandaoni upo wewe, Mjomba, ukicheza kwenye harusi. Babu hayupo."

Niliambiwa nitoke. Sikutoka. Watu walipozama kwenye pilau nikarudisha pimamaji juu ya sahani. Kitone kilikuwa kimekimbilia dirishani, upande ulioinuka, walipokaa wanawake. Mjomba, aliyekuwa mlangoni na wanaume wenzake, akainuka kufuata nyama. Kitone kikarudi katikati chenyewe! Akakaa. Kikakimbia tena.

Kumbe ni adabu zetu zilizoniponza. Kwetu mgeni hakuti maandalizi. Anakuta kila kitu tayari. Kwa hiyo nilikuwa nalinganisha chumba kikiwa kitupu, kisha wazito wanakuja kukizamisha upande mmoja.

Idi Pili nikagoma kuandaa. Wageni wakakuta gramafoni haijaguswa, na mimi nimepiga magoti na vifuu vyangu.

"Kaeni kwanza," nikasema. "Mjomba, mlangoni, palepale pako. Ukishakaa, usisogee."

"Unaniamrisha mbele za watu? Huna haya?"

"Sina. Kaa."

Bibi akasema, "Mume wangu kasema kaa."

Mjomba akakaa, anahema kwa hasira. Nikachomeka kifuu, nikapima, nikageuza, nikapima tena, nikashusha mkono. Waimbaji wakaimba, wakanyamaza. Fidla ikaingia, ikapanda, ikapita palepale pa kuruka kama hapajawahi kuwa na kitu. Simu ya Mjomba ikaanza kutetemeka mfukoni. Hakuigusa. Alikuwa amefumba macho.

"Huyo ndiye baba," akasema taratibu.

Sasa nastaafu, shule ya bweni imeniita. Juzi Mjomba alikuja kuniaga kwa maagizo: "Kabla hujaondoka, ilinganishe na chumba kitupu, Mama awe anasikiliza peke yake."

"Sitaki. Vifuu nimevigandisha kwa gundi, kwa kipimo cha chumba kilichojaa. Bibi akitaka kumsikia Babu, wewe uje ukae, na wengine waje wakae."

Bibi hakunikemea. Alimgeukia mwanawe, akauliza, "Basi ukija kukaa Ijumaa, nyama utaleta wewe?"

Mjomba huko nje anaeneza kwamba sina adabu. Sawa. Anitangaze Lindi nzima, mpaka Kilwa. Ila Ijumaa aniseme akiwa amekaa mlangoni.