Mama wa Gervasi Aliyeandikwa Jirani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisimwamini mtu yeyote anayelia. Aliyeniambia ni mkurugenzi wa ofisi, mama wa Kimarekani mwenye sauti ya upole, na hakuwa katili hata kidogo. Ofisi hiyo ya kuwasaidia wahamiaji ilikuwa Louisville, Marekani, upande wa Highview, imebanwa kati ya duka la matairi na saluni ya kusuka. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kufunga maboksi ghalani, na kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi Kigoma, maana mimi ni katika wale Warundi tuliokulia Tanzania. Waliniajiri kwa ajili ya lugha: Kirundi, Kiswahili, na Kiingereza cha kujikongoja.

"Mama Adela," alisema mkurugenzi, "watu watakuja hapa wakitaka ndugu zao waje kuwatembelea. Kila mmoja atakuwa na sababu ya kuliza. Wewe uliza maswali kwanza, leso utatoa baadaye. Afisa wa ubalozi hatatoa leso kabisa."

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mnajaza kila kitu kwenye simu, na masharti yamebanwa kuliko wakati wetu, lakini msingi ni ule ule. Visa ya matembezi ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Anayefungua mlango ni afisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege, naye ndiye anayesema utakaa mpaka lini. Tena sheria ya Marekani inamdhania kila mwombaji kuwa anakuja kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba atarudi. Kwa hiyo tulitafuta kile tulichokiita vifungo vya nyumbani: shamba, mume, wajukuu, kazi, chochote kinachomvuta mtu arudi kwao. Barua ya mwaliko, ambayo watu waliing'ang'ania kama hirizi, ilikuwa na uzito mdogo. Kizito kilikuwa mahojiano ya dirishani, ambayo huisha mtu hajameza mate vizuri.

Nikajifunza kushuku. Nilimshuku mjomba asiyejua jina la mke wa mpwa wake. Niliishuku harusi ambayo bibi harusi wake hakuna aliyemwona. Watu nao walitushuku sisi. Waliamini kila tunachoandika kinapelekwa serikalini siku hiyo hiyo, basi wakatudanganya kwa tahadhari, hata pale ambapo ukweli ungewafaa zaidi.

Mmoja ambaye hakunidanganya alikuwa dada mmoja aitwaye Konsolata, aliyefanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari. Alikuja kutafuta njia ya kumwalika baba yake. Nikamuuliza, "Na mama?" Akaniambia mama yake alikufa kambini Kigoma, wakati mdogo wake wa kiume hajaota hata jino. Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja anwani yake. Baba yake naye alifariki kabla maombi hayajakamilika, tukalifunga faili. Yote aliyoniambia yalibaki ndani ya chumba kile, kwa sababu siri ya mteja ni kama siri ya maungamo: ukiitoa, huna kazi, na hustahili kuwa nayo.

Miaka ikapita. Mume wangu akapata kazi Columbus, nami nikahamia ofisi ya huko, Northland, kwenye barabara ya Morse, juu ya duka la vyakula vya Kiafrika. Harufu ya dagaa ilipanda ngazi pamoja na wateja. Mkubwa wangu hapo alikuwa wakili, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, mtu wa haraka, anayetembea huku anavaa koti.

Hapo ndipo alipokuja Gervasi. Kijana mrefu, bado amevaa kizibao cha ghalani chenye mistari inayong'aa. Alitaka kumwalika mama yake kutoka Rumonge, Burundi, aje kwenye ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Nikaanza kumuuliza habari za familia. Jina la baba. Jina la dada: Konsolata. Anaishi wapi? Louisville.

Jina la baba lilikuwa lile lile, dada yule yule. Na mama alikuwa amezikwa Kigoma.

Lazima niwaambie hali ilivyokuwa siku zile. Barabara nzima ya Morse ilinong'ona kwamba kuna watu wanaingiza wageni wasiowajua kwa majina ya wazazi waliokufa, na lisemwalo lipo. Nikamtazama yule kijana mara ya pili. Mikono yake ilikuwa imetulia mno.

"Huyu ni mama aliyekuzaa?" nikamuuliza.

"Mama ni mama."

"Nimeuliza aliyekuzaa."

"Mama Adela," akasema, "wewe ni Mrundi au ni polisi?"

Nikaenda kwa wakili. Sikuweza kumwambia nilichojua, kwa maana nilikipata Louisville, kwenye ofisi ya wengine, kutoka kwa mtu mwingine. Nikasema tu kwamba nina wasiwasi.

"Wasiwasi gani? Sema vile iko."

"Siwezi kusema."

Akaacha kuvaa koti. "Basi mpigie huyo mama simu, mimi nikisikia. Uongo ukiingia kwenye hizo fomu, huyo mama atafungiwa mlango maisha yake yote. Na laiseni yangu nayo itaenda."

Tukapiga simu ya video, Gervasi ameketi kando, ameambiwa asifungue mdomo. Akatokea mwanamke mzee, Bi Kapitolina, ameishika simu vibaya hata tukaona paji la uso na kilemba tu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayehesabu pesa za chenji.

"Gervasi alizaliwa wapi?"

"Kambini."

"Aliyemzalisha nani?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Bi mkubwa, wewe ndiye uliyemzaa?"

Badala ya kujibu akasema, "Gervasi yuko wapi? Nataka kumsikia." Nikamruhusu Gervasi aseme. Yule mama akamuuliza kwa Kirundi, haraka haraka, tulimfugia wapi yule mbuzi mwenye pembe moja. Gervasi akajibu, nyuma ya choo. "Wamekushika?" yule mama akauliza. "Hapana, mama. Ni ofisini tu. Waambie ukweli."

Hapo ndipo aliposhusha simu, tukauona uso wake wote.

"Sikumzaa," akasema. "Nilimnyonyesha. Mama yake alikuwa jirani yangu, hema kwa hema. Alipokufa, mwanangu alikuwa ametangulia siku chache tu, na maziwa yalikuwa bado yapo. Nikamchukua huyu. Mnataka nini kingine?"

Wakili alivua miwani akaifuta. Kisha akarudi kazini, maana fomu ina swali moja lisilokwepeka: huyu unayemtembelea ni nani wako? Hakuwa mama kwa damu, wala shangazi, wala mama mdogo. Hakumlea kwa karatasi za mahakama.

"Andika rafiki," akasema wakili.

Gervasi akasimama. "Rafiki? Rafiki ni mtu wa kunywa naye soda. Mimi siendi kuandika mama yangu ni rafiki."

"Ukiandika mama, umeidanganya serikali."

Wakakaribia kupandishiana sauti. Aliyewakata ni yule mzee, bado yuko hewani. "Andikeni jirani," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa. Jirani si tusi."

Tukaandika jirani, kwenye ile nafasi ya mengineyo. Gervasi alitoka bila kuaga.

Kabla ya mahojiano tulimfundisha Bi Kapitolina kama tulivyowafundisha wote: jibu fupi, usiongeze neno usiloulizwa. Akaenda dirishani Bujumbura. Afisa akamuuliza anakwenda kumwona nani. Akajibu kwa ufupi, kama alivyofundishwa: "Mwanangu." Fomu ikasema jirani. Akanyimwa pale pale. Gervasi aliponiletea habari hakukaa kwenye kiti. Alisema sisi ndio tuliomuuza, kwamba nilimshuku tangu mwanzo na afisa alinusa shaka yangu hadi Bujumbura. Mtoto akabatizwa bila bibi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Buffalo, nikawa msaidizi mkuu wa kesi, cheo changu cha mwisho. Mkubwa wangu huko, msimamizi wa kitengo, alikuwa mtu mwenye kalenda ukutani, na kila mgeni aliyeingia kwa visa tuliyoishughulikia alimwekea alama hapo, kuona kama atatoka kwa wakati. Tulipanga nyumba Lackawanna, ule mji wa kusini uliokuwa wa chuma. Nilidhani habari ya Gervasi imekwisha.

Siku moja akanipigia. "Mama Adela, wamempa."

"Wamempa nani, nini?"

"Mama. Visa. Aliomba tena, safari hii kasema hataki kufundishwa."

Nikamwuliza fomu ilisemaje. Jirani, akasema, vile vile. Nikamwuliza basi alijibu nini. Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Muulize mwenyewe. Anataka kukuona. Amesema lazima amwone yule mwanamke wa kwenye simu."

Msimamizi wangu aliposikia akatikisa kichwa. "Huyo hatarudi kwao," akasema. "Bibi akishamshika mjukuu, hakuna ndege itakayomwondoa." Akamwekea alama kwenye kalenda, ingawa hakuwa mgeni wa ofisi yetu. Mimi nami, sitaki kuwaficha, nilidhani hivyo hivyo.

Wakaja Lackawanna kwa gari kutoka Columbus, Gervasi, mkewe na mtoto, na Bi Kapitolina amevikwa sweta tatu. Nilikuwa nimepika ugali na maharage ya mawese. Alikula bila kusema, akanawa, akawaambia wengine waende kutazama ziwa. Tukabaki sisi wawili jikoni.

"Sasa ni zamu yangu kuuliza," akasema. "Siku ile ya simu, uliniamini?"

"Hapana."

"Mimi pia sikukuamini. Nilidhani mmemteka, mnataka nikiri jambo ili mmrudishe Burundi. Ndiyo maana ya yule mbuzi."

Tukacheka sote. Nikamuuliza yaliyotokea dirishani mara ya pili.

"Kaniuliza, unakwenda kwa nani? Nikasema, kwa mwanangu. Akatazama mashine yake, akasema, hapa umeandika jirani. Nikamwambia, yote mawili ni kweli, kaa nikueleze."

"Ulimwambia afisa akae?"

"Alikuwa amekaa tayari. Ni mimi niliyesimama." Akajifunga vizuri sweta. "Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kaniuliza kama nitabaki huku. Nikasema nina michikichi inayonisubiri, na mume mgonjwa wa miguu asiyejua hata kuchemsha maji. Akaandika, akaniambia nenda."

Kisha akanitazama kwa namna iliyonifanya nishughulike na sufuria. "Yule Konsolata wa Louisville. Nimefika wiki kadhaa, hajaja. Nikipiga, hapokei. Unamjua?"

"Nimewahi kumwona," nikasema.

"Unamjua zaidi ya hivyo, lakini hutasema. Vizuri, usiseme." Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Alikuwa msichana mdogo. Mama yake alipokufa, ni yeye aliyembeba mtoto mgongoni, anazunguka naye kambi nzima akiomba uji. Mimi nikamfungua kitambaa, nikamtoa mtoto mgongoni kwake, nikampa ziwa. Hajawahi kunisamehe. Alidhani nimemnyang'anya, na kwamba nataka kukaa mahali pa mama yake. Mtoto kama yule utamwelezaje?"

Nilichojua kilikuwa kimefungwa kwenye faili la Louisville, nikarudi kwenye sufuria.

Bi Kapitolina aliondoka kabla ya muda aliopewa. Alisema nyumba za huku zina joto la kuoka mkate, watoto wa ghorofani wanamjibu Kiingereza, na mvua Rumonge imeanza. Msimamizi wangu alipopata taarifa alikwenda kwenye kalenda yake akaifuta ile alama.

Nimestaafu sasa. Jumapili baada ya ibada bado watu wananishika mkono pembeni: Mama Adela, nina shangazi, nina kaka. Mkwe wangu analalamika kwamba hata marafiki wa wajukuu wakija nyumbani nawahoji kama niko dirishani: baba yako nani, mnaishi na nani. Ni kweli. Kushuku kukishaingia mwilini hakutoki kwa barua ya kustaafu. Nimejiuliza mara nyingi kama kulisaidia. Nadhani kuliwaokoa baadhi ya watu na uongo ambao ungewamaliza. Lakini najua pia kwamba wapo wengi walioketi mbele yangu wakisema ukweli mtupu, nami nikiwatazama mikono.

Siku Bi Kapitolina alipoondoka, Gervasi alinipigia kutoka uwanja wa ndege wa Columbus. "Konsolata amekuja," akasema. "Ameendesha kutoka Louisville asubuhi hii. Amemwita mama."

Nikamwambia sikuamini, na kwamba anitumie picha.

Akaituma. Bi Kapitolina ameketi kwenye kiti cha chuma, mkoba mapajani. Mbele yake mwanamke mnene wa makamo amechuchumaa sakafuni, anamfunga kamba za viatu, na mkono wa mzee uko mgongoni kwake, pale anapokaa mtoto. Nikaikuza picha kwa vidole. Nikautafuta uso wa yule mwanamke kwa muda mrefu, nikiulinganisha na ule niliouona Highview. Alikuwa Konsolata, na safari hii alikuwa analia.