Sauti Iliyoitikia Kisimani

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa nimezeekea huku ughaibuni, hapa Hounslow, ndege zikinipitia juu ya paa. Nilikuwa nesi kijana, mtoto wa Mombasa, nimepangiwa zahanati kaskazini, jangwani, karibu na mpaka. Njia ile magari hayakwenda peke yake. Yalikusanyika kwenye kizuizi cha barabarani yakangoja msafara wa polisi.

Mimi na kiherehere changu, kungoja kukanishinda. Siku ya pili nikambana dereva wetu, Mzee Guyo, mpaka akawasha gari. Nikawaambia na vijana wawili wa lori la nyuma yetu watufuate, watoto wa pwani kama mimi. Walisitasita, nikawacheka, nikawaita waoga. Ndipo wakakubali.

Saa sita mchana tukafika kisimani. Jua kali, na kimya. Ndoo ilikuwa bado inachuruzika maji, lakini ngamia hata mmoja hakuwapo. Nikashuka na dumu langu, nikapiga hodi kuelekea vibandani, kama nilivyofunzwa kwetu.

"Karibu," sauti ikaitika. Laini, Kiswahili cha kwetu kabisa. Wallahi nilifurahi, nikapiga hatua.

Mzee Guyo hakupaza sauti. "Sista, huku hakuna anayesema Kiswahili hicho cha kwenu. Na wenye kisima wamekimbia. Rudi garini, usikimbie."

Nikarudi kinyumenyume. "Karibu," ikaitika tena, na safari hii sikuwa nimebisha.

Nilimsihi Mzee Guyo tuwangoje wale vijana, maana lori lao lilikuwa limebaki nyuma. Hakusimama. Sisi tulifika zahanati, lori lao halikuonekana tena. Mpaka leo najua walishuka pale kisimani, wakapiga hodi. Ni mimi niliyewatoa kizuizini, na jambo hilo linaniuma kila siku.

Sasa wewe umefunga begi, waenda mpakani kulekule. Nikisema, wanijibu kwa Kiingereza chako kwamba simu ina ramani na mambo yamebadilika. Huenda. Lakini ngoja msafara, hata wiki nzima. Waulize wenyeji kabla hujatoka, na wakikwambia leo hapana, kaa. Ukikuta kisima hakina mifugo mchana, usishuke, hata ukikaribishwa kwa sauti yangu mimi.

Haya, Mola akufunike, akutangulie, akurudishe mlangoni kwangu. Na ukifika, taja jina lako, mwanangu. Hodi peke yake siifungulii.