Nafasi Tupu ya Tangi la Chini

Mpaka siku ile mama mwenye duka la vitenge aliponiita, mimi nilikuwa fundi wa madirisha, makabati ya maandazi, na kioo kimoja cha saluni ambacho mwenyewe alikirudisha akidai kinamnenepesha. Samaki hawakuwemo kabisa kwenye mambo yangu. Samaki kwetu ni sato. Anafika kutoka ziwani amelala kwenye barafu, anaingia kwenye mafuta, hadithi yake inaishia hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu upite. Kabla hujaniambia haiwezekani, kwanza uwaone."

Duka lake liko Nyasubi, na sebule yake iko nyuma ya duka, ukisukuma pazia tu umefika. Katikati ya sebule palikuwa na beseni la kufulia, la bluu, na kimashine kidogo kinachotoa mapovu. Ndani ya beseni, samaki wawili. Walikuwa wadogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa, wamefungwa mikanda myeupe iliyopigwa wino mweusi pembeni. Mmoja alikuwa anazunguka beseni zima kama mgambo wa sokoni. Mwingine, mdogo zaidi, alikuwa amejibana nyuma ya kigae cha chungu, anahema tu.

Nilichuchumaa. Sijui nilichuchumaa muda gani. Mama alinigusa bega akanieleza. Mpangaji wake, mtaalamu wa mgodini, alikuwa amehamishwa kwa haraka akaacha tangi la samaki wa baharini. Tangi lenyewe ni mawili: moja la juu, la kutazama, na jingine chini yake, limefichwa kabatini, la kusafishia maji. Vijana wa kuhamisha vitu walipolileta sebuleni, la juu lilifika salama. La chini lilifika kwenye gunia.

"Aliniambia nikishindwa niwamwage," alisema. "Nimwage? Hawa ni wa kwetu pwani hawa! Mimi nimeletwa huku na ndoa, wao wameletwa na gari. Tofauti yetu ni usafiri tu."

Nikacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mdogo.

"Huyo hali. Akitupiwa chakula, mwenzake anamvamia. Na maji ya beseni hayakai, yanachafuka. Nitengenezee tangi la chini, baba, kabla hajanifia."

Nikasema, "Hilo dogo, mama." Mdomo wangu una tabia ya kutangulia, akili inafika baadaye na mizigo.

Nilijua nitakata vioo vitano, nitapaka silikoni, nimemaliza. Nilipomwaga vile vipande vya kioo vya kwenye gunia kwenye sakafu ya karakana ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijui kama nimeacha mpaka leo. Lile tangi lilikuwa na kuta ndani yake. Ukuta mmoja uligusa chini. Wa pili haukugusa, ulining'inia, maji yapite chini yake. Wa tatu uligusa tena. Kwa nini umpandishe mtu ukuta, kisha umpitishe uvunguni, kisha umpandishe tena? Maji yamekosa nini? Na zote zilikuwa fupi, hazikufika juu. Alama za silikoni ya zamani zilionyesha ziliishia juu kidogo ya nusu ya tangi. Sehemu ya juu yote ilikuwa tupu, na mstari mweupe wa chumvi kavu ulionyesha kwamba maji hayakuwahi kuwekwa kupita hapo. Nikasema moyoni, huyu mpangaji alikuwa mchoyo wa chumvi.

Simu ya mpangaji haikupatikana. Nikaangalia video kwenye simu yangu. Mzungu mmoja alikuwa anaeleza kwa furaha kabisa, anaonyesha kuta zake, mikono inaruka, na mimi Kiingereza changu cha darasa la saba kinaishia kwenye salamu. Tulisalimiana naye, akaendelea peke yake.

Kilichonisaidia ni mwalo. Kabla ya vioo niliwahi kufanya kazi na mjomba kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, upande wa Geita. Pale mchanga uliosagwa unamwagiwa maji kwenye ubao ulioinama, uliotandikwa magunia. Kizito, ndiyo dhahabu yenyewe, kinanasa kwenye gunia, maji yanashuka na tope mpaka kwenye shimo la kwanza, yanatulia, yanamwagikia la pili, yanatulia tena. Shimo la mwisho ndilo lenye maji ya kueleweka, na hapo ndipo pampu inapovuta kuyarudisha juu, kwa sababu maji huku kwetu si ya kuchezea.

Niliruka, nikakimbia kwa fundi bomba, jirani yangu wa karakana, mtu wa Mhunze mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Nimelielewa! Tangi la samaki ni mwalo!"

"Mwangaluka na wewe," alinijibu, maana sikuwa nimemsalimia. "Mwalo wa samaki unatoa gramu ngapi?"

"Sikiliza. Maji yanashuka kutoka tangi la juu, yanapita kwenye kitambaa, yanaacha uchafu, yanapita kwenye kuta, yanatulia, pampu mwisho."

"Sawa. Na hizo kuta mbona fupi?"

"Mwenyewe alikuwa mchoyo. Mimi nazipandisha mpaka karibu na juu. Maji mengi, samaki wana raha."

Alikuna kichwa. "Wewe ulishaona mwalo wenye shimo nusu?"

"Sijaona."

"Basi jaza."

Ni kweli. Mwaloni shimo linajazwa mpaka linafurika, kwa kuwa maji yanapotea kutwa nzima, mengine ardhini, mengine kwenye jua. Mtu anayeacha shimo nusu anaonekana hajui kazi. Kwa hiyo nilichora kwa chaki, kuta ndefu, maji mpaka shingoni, nikakata, nikabandika, nikaacha silikoni ikauke. Mama alikuwa anapita kila jioni akifunga duka, anauliza, "Imekauka?" Anabonyeza kwa kidole, anaondoka. Siku moja hakubonyeza. Alisema tu kwamba yule mdogo ameanza kulala ubavu.

Siku ya kujaribu, sebuleni kwa mama, tulitumia maji ya kawaida ya bomba. Chumvi maalumu ya bahari ilikuwa mfuko mmoja tu ulioachwa na mpangaji, na hatukutaka kuipoteza. Ya mezani, jirani wa mama alishaipendekeza, mama akamwambia akaitie kwenye mchuzi wake. Tulijaza juu, tukajaza chini mpaka karibu na ukingo, fundi bomba akachomeka pampu. Maji yakapanda. Yakashuka kwenye kitambaa, yakaruka ukuta, yakapita uvunguni, yakaruka tena. Mapovu yaliyoingia na maji yaliuona ule ukuta wa kuning'inia, yakapanda juu yakapasuka, hayakufika kwenye pampu. Nikapiga kelele. Kumbe ndiyo kazi yake!

Mama alipiga vigelegele. Fundi bomba alicheza kidogo, mguu mmoja.

Halafu umeme ukakatika.

Ilikuwa mchana kweupe, feni ya dukani ikasimama, pampu ikanyamaza. Maji hayakunyamaza. Yaliendelea kushuka kutoka juu kwa utulivu kabisa, kama watu wanaotoka kanisani. Tangi la chini likajaa, likafurika, maji yakatoka kabatini, yakaelekea pazia. Nilizuia kwa viganja. Naomba uamini, nilizuia maji kwa viganja.

"Vitenge! Nyanyueni vitenge!" mama alipiga kelele.

Tulinyanyua marobota tukayaweka kwenye kochi, kwenye meza, fundi bomba akabaki na moja kichwani hajui pa kulitua. Na kule juu bomba la kurudishia maji, lile linalotoka kwenye pampu, lilikuwa limeanza kuyavuta maji kurudi chini, kwa sababu mdomo wake ulizama kwenye tangi.

"Unaona?" fundi bomba alisema akiwa na robota kichwani. "Linafyonza kama mpira wa kuibia petroli."

"Si ulifunge!"

"Nilifunge na nini, na meno?"

Yalipokwisha, tulikuwa tumesimama kwenye maji ya vidole viwili. Mama aliketi kwenye mkono wa kochi, khanga ameikunja mpaka magotini.

"Umeniletea bahari, mwanangu," alisema polepole. "Ila nilitaka ibaki kwenye kioo."

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo liliniumiza. Aligeuka akalitazama beseni, lililokuwa juu ya stuli, nalo kimashine chake kimezimika. Akaanza kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, ili yapate hewa. Anachota, anamimina. Yule mdogo alikuwa upande, shavu lake linafunguka na kujifunga.

Nilichukua zamu ya kikombe. Nilivyokuwa namimina, macho yangu yakaenda kwenye lile tangi langu lililofurika, na nikauona mstari mweupe wa chumvi wa kile kioo kilichovunjika, kana kwamba kiko mbele yangu. Nafasi tupu. Haikuwa uchoyo. Ilikuwa sehemu ya kulala ya maji yatakayoshuka umeme ukikatika. Mwaloni hatuwazi hivyo, kwa kuwa pale maji yakifurika yanaingia ardhini na hakuna mwenye kitenge chini.

Nilizing'oa kuta kwa wembe siku hiyohiyo, nikazikata fupi, nikazibandika upya, tukasubiri zikauke. Fundi bomba alilipandisha lile bomba la kurudishia likaja karibu na uso wa maji, akalitoboa tundu dogo livute hewa badala ya maji. "Ndiyo dawa ya wezi wa petroli," alisema. Tukajaza mpaka pale ulipokuwa ule mstari wa chumvi tu, tukazima wenyewe swichi. Maji yakashuka, yakapanda upande wa chini, yakapanda, tukashikana mashati, yakasimama yakiwa yamebakiza kama upana wa kiganja. Sikumwambia mama "hilo dogo" tena. Nilimwambia ajaribu kuzima mwenyewe, naye akazima na kuwasha mpaka fundi bomba akamwonea pampu huruma.

Tukachanganya chumvi, tukayapima maji kwa kichupa cha kupimia chumvi alichoacha mpangaji, tukaongeza na yale maji ya zamani ambayo mama alikuwa ameyahifadhi kwenye ndoo. Samaki wakaingia tangini. Mkubwa alilichukua tangi lote. Mdogo alishuka kwenye kona nyuma ya jiwe, mkondo ukawa unampeperusha mkia, na chakula kilipotupwa kilipelekwa mbio kikampita juu ya kichwa, mwenzake akakimaliza.

Nilikuwa nakwenda kila siku kuangalia. Na kulikuwa na jambo la kitambaa. Kinanasa uchafu, inabidi kinyanyuliwe kisuuzwe, nami mkono ulikuwa unagoma. Mwaloni hakuna anayenyanyua gunia mwenye mzigo hayupo. Ukinyanyua peke yako, umeiba dhahabu yake. Basi nilikuwa nasimama mlangoni na kitambaa kinanuka, namsubiri mama amalize wateja.

"Uchafu wa samaki huu," aliniambia siku moja, "unamwogopa nani?"

"Mama, njoo tu usimame hapo."

Siku hiyo alikuja akasimama, na kopo la chakula mkononi. Alikuwa ametupa punje chache tu, umeme ukakatika. Tukatazamana. Maji yakashuka, yakasimama palepale pake. Tangi la juu likatulia, hakuna mkondo. Na zile punje, ambazo siku zote zilikuwa zinakimbizwa, zikaanza kuzama zenyewe, polepole, wima, mpaka kwenye kona.

Mdogo alitoka nyuma ya jiwe. Alidokoa moja. Akaitema. Akaidokoa tena.

Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Sikuelewa, nilikuwa nimehangaika na kuta zote zile ili umeme usitudhuru, na sasa umeme huohuo kwa kukatika ndio umemlisha. Nikataka kumuuliza mama kama ameelewa yeye.

"Usiseme kitu," alinong'ona. "Anakula."

Alimwacha ale mpaka akarudi kwenye kona yake. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akakitazama kitambaa.

"Haya," alisema. "Nipo. Nyanyua."