Viganja vya Zambarau Ukweni

Hii aibu nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu nainamisha kichwa, lakini leo acha niwasimulie. Miaka ile watu binafsi tuliporuhusiwa kununua pamba, mimi wa darasa la nne (na waliosoma niliwaajiri) nilikuwa na stoo ya bati jipya pale Bariadi, na wezi walikuwa wananichomolea pamba kama wanavuna shamba lao. Koplo mmoja wa kituoni akanipa unga wa kunasia wezi: ukiwa mkavu huuoni, ukiguswa na maji unakuwa zambarau na hautoki wiki nzima. Akaniambia, "Vaa glavu, paka kwenye kufuli, halafu funga mdomo."

Nikamjibu glavu ni za manesi. Mdomo nao sikufunga, nilisimama sokoni nikatangaza kwamba yeyote atakayeonekana na viganja vya zambarau ndiye mwizi wangu, akamatwe hapo hapo.

Kesho yake nikapaka kufuli kwa mikono mitupu, nikajipangusa kwenye suruali, nikawasha pikipiki kwenda Lagangabilili kumposea mwanangu Masunga. Njia nzima nilikuwa kama naota, nyuzi za pamba zimenasa kwenye miiba kandokando, zinapepea polepole, na mimi najiona tayari nimezungukwa na wajukuu.

Ukweni nikasalimia kila mzee kwa mkono, "Mwadila, mwadila," nikishikilia kiganja muda mrefu kama anavyofanya mtu mwenye uwezo. Likaja beseni la kunawa. Akaanza Mzee Ng'wandu, baba wa binti. Maji yakabadilika taratibu, zambarau ikatanda kama wingu la jioni, nzuri kabisa, mpaka nikasahau niko wapi. Akanawa wa pili, wa tatu, wote zambarau.

Shangazi wa binti, ambaye siku ile ya tangazo alikuwepo sokoni, akapiga makofi. "Heee! Kumbe ukoo mzima tumeiba pamba ya mkwe!"

Mzee Ng'wandu hakucheka. "Bariadi tutapitaje na mikono hii? Si watatupiga mawe? Wewe ngosha, mwanaume mzima, binti yangu haendi kwa mtu aliyetufanya wezi. Ulitangaza sokoni, nenda ukatutoe aibu huko huko."

Basi asubuhi tukaongozana hadi soko la Bariadi, wazee wamefumbata mikono ndani ya makoti. Nikapanda juu ya gunia, nikanyoosha viganja vyangu (nilikuwa nimeshanawa na mimi). "Jamani, aliyeshika kufuli ni mimi mwenyewe. Hawa wakwe zangu nimewapaka kwa kuwasalimia."

"Paza sauti, ngosha," shangazi akapiga kelele kutoka nyuma, "huku hatujasikia!"

Nikarudia. Kicheko kikapita soko zima, na mimi nikasimama pale juu kama mtu anayeelea. Ndipo Mzee Ng'wandu akatoa mikono kwenye koti, akaniteremsha. "Haya, mkwe, shuka. Yameisha."

Masunga alioa. Mwizi wangu hajajulikana mpaka leo, maana baada ya siku ile nani angethubutu kumkamata mtu kwa rangi ya kiganja? Nami nimeapa: jambo ambalo halijatokea silitangazi tena mbele za watu, hata liwe la kunipa sifa kiasi gani.