Siku Tatu za Kumwachisha Sia

Elinipa alipanda mlima Ijumaa ile bila mtoto mgongoni, na mgongo ukawa mwepesi mpaka akawa anayumba. Kwaya ya vijana ya Kimandolu ilikuwa inakwenda siku tatu kwenye kituo cha vijana cha kanisa, kule juu ya Nkoaranga msitu unapoanzia, kwa maombi na michezo. Wenzake waliimba njia nzima. Yeye alifungua mdomo tu.

Sia, mwanawe wa miezi kumi, alikuwa amemwacha kwa mama yake, Anaeli, ng'ambo ya korongo, chini kidogo ya kituo. Jumatatu alitakiwa kuanza kazi za ndani Njiro, kwa mama mmoja wa ofisini aliyesema wazi: "Msichana nimempenda, ila mtoto sina pa kumweka." Mumewe, Abdiel, alikuwa machimboni Mererani tangu Pasaka, kama vijana wengi wa miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoachiwa kujitafutia, na hakuna aliyeleta salamu zake. Kazi ya Njiro ndiyo iliyokuwepo. Basi ilibidi Sia aache ziwa, na aache kabla ya Jumatatu.

"Siku tatu zinamtosha," Anaeli alisema, akimfunga binti yake kanga kifuani na kuikaza kama anayefunga mzigo wa majani ya ng'ombe. "Maziwa usiyakamue, yatajaa tena. Na usikanyage hapa mpaka Jumapili, hata ukimsikia analia."

"Kule juu nitamsikia, mama?"

"Utamsikia. Korongo hili halifichi kitu."

Jumamosi asubuhi Elihuruma, kiongozi wa vijana, aliwapeleka uwanjani. Walivuta kamba, wakavuka kijito juu ya gogo, na Elinipa akafanya kila aliloambiwa. Kifua kilikuwa kigumu kama jiwe. Maumivu yake aliyaona kama ya mtu mwingine aliyekaa karibu naye. Halafu ukaja mchezo wa kufungwa macho: mmoja anafungwa kitambaa, mwenzake anamwongoza kwa sauti tu, katikati ya miti, mpaka kwenye bendera. Aliyemwongoza Elinipa alikuwa Irine, jirani yake kwenye sauti ya pili ya kwaya.

"Mbele, dada. Mbele. Kulia kidogo. Wee, mguu huo ni wako au umeazima? Inua!"

Watu wakacheka. Elinipa akainua. Ndipo akasikia, kutoka chini kwenye migomba, mtoto analia. Hakujua kama ni Sia. Watoto kule chini ni wengi. Mguu haukuuliza. Ukageuka.

"Kushoto unakwenda wapi? Rudi! Elinipa! Jamani, huyu anarudi mjini kwa miguu!"

"Mwacheni, ameitwa na Abdiel!" mwingine akapiga kelele, na vicheko vikazidi.

Alikwenda mpaka ua wa matete ukamzuia. Irine akaja kumfungua kitambaa, bado anacheka, akaona fulana ya mtumba imelowa kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Kicheko kikamwisha. Akafungua kanga yake kiunoni, akamfunika nayo.

"Nenda ukamnyonyeshe," alinong'ona. "Si mbali. Mimi nitasema tumbo linakuuma."

Elinipa aliitazama njia ya kushuka. Leo Jumamosi. Sia akinyonya leo, Jumatatu atakuwa bado hajaacha.

"Mchezo umeisha?" aliuliza.

"Tumeshindwa."

"Basi twende tukakae."

Walipoketi kwenye nyasi, Elihuruma alimwuliza kila mmoja amejifunza nini. Wengi walisema kuaminiana. Zamu ya Elinipa ilipofika alisema, "Nimejifunza kutembea," na watu wakacheka tena, wakidhani ni utani.

Jumapili, baada ya ibada, alishuka. Anaeli alikuwa uani na Sia pajani, akimlisha loshoro, ile ya mahindi na ndizi zilizopondwa kwa maziwa ya mgando.

"Jana alilia mpaka sauti ikakauka," Anaeli alisema. "Leo hata mara moja. Ameacha. Lakini usimpakate na hiyo fulana, atanusa maziwa tuanze upya."

Akaingia ndani, akatoka na sweta lake la kukamulia ng'ombe, linalonuka moshi na zizi. Elinipa akalivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni, ndipo akapewa mtoto.

Alimweka pale pale kifuani, uso ukiwa kwenye vifungo. Hakusema neno, maana sauti nayo mtoto anaijua. Akangoja anuse. Chini ya sweta maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, ya moto, yakiteremka tumboni. Sia alichezea kifungo, akatazama kuku, akapiga mwayo, kisha akalaza shavu kama ambavyo angelilaza kwa jirani yeyote, akasinzia.

"Umeona?" Anaeli alisema, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

"Nimeona, mama."

Akamrudishia mtoto. Akavua sweta, akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba ya nguo, upande uliolowa akiugeuzia ukutani.