Makoti ya Watoto wa Mbuzi

Siku ya kwanza kuripoti kazini kwenye shamba la mbuzi wa maziwa, vilimani kaskazini mwa Guangzhou, China, nilivaa viatu vyangu vya chuo. Msimamizi wa mazizi, ambaye sote tulimwita Shifu, yaani fundi mkuu, alivitazama akanikabidhi mabuti ya mpira. Hakuniuliza habari za shahada yangu ya mifugo. Alinionyesha rundo la majani ya kukatakata, na kazi yangu ikaanzia hapo.

Vijana mnaosoma mifugo leo huenda mnaijua chanja kwa picha. Ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mbao zake zimeachiana nafasi ili mavi na mkojo vianguke chini na kwato zisioze. Wakati wa joto hakuna kitu kizuri kama hicho. Taabu ni majira ya baridi. Ndugu zetu wa nyumbani hudhani Guangzhou haina baridi kwa kuwa haianguki theluji. Waje vilimani mwezi wa kwanza. Baridi yake ni ya unyevunyevu, inapenya nguo, na upepo hupanda katikati ya zile mbao na kumpiga mtoto wa mbuzi tumboni akiwa hata hajakauka.

Mwaka mmoja baridi hiyo ilituulia wanambuzi wengi. Mwaka uliofuata, Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina ilipokaribia, laoban, ndivyo bosi anavyoitwa huku, alinifuata zizini. Hakupandisha sauti.

"Dada mkubwa, sina ugomvi na mbuzi," aliniambia. "Lakini watoto wakifa tena, baada ya sikukuu nawauza wote, ardhi naikodisha kwa wakulima wa stroberi."

Nilimwomba aniachie mazizi wakati wa sikukuu, niyaendeshe nionavyo. Alikubali, labda kwa sababu wengine wote, pamoja na Shifu, walikuwa wanarudi makwao.

Basi nikaita familia. Mume wangu, Mzanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha nguo karibu na barabara ya Guangyuan Xilu mjini, alikuwa anafunga kazi kwa kuwa masoko nayo yalikuwa yanafungwa. Binti yetu Rehema alikuwa likizo ya chuo. Nilimpigia mume wangu simu nikamwomba apitie mtaa wa Kangle, kwenye vijiwanda vya washonaji, aombe mabaki ya vitambaa vya makoti ya baridi.

"Makoti ya nani, Mama Rehema?" akauliza.

Nikamwambia ya mbuzi. Akauliza saizi.

Alikuja na mafurushi na cherehani. Yeye alikata, Rehema akashona: koti la mgongoni, matundu ya miguu ya mbele, kamba za kufungia tumboni. Mimi nilizungushia turubai chini ya chanja upande wa upepo, nikatandika mabua makavu ya mpunga, nikaacha nafasi juu hewa itoke, kwa maana zizi lisilopumua huleta homa ya mapafu.

Asubuhi moja tukaamka nyasi ni nyeupe kwa umande ulioganda, na mbuzi wakaanza kuzaa mfululizo. Rehema alikausha watoto kwa taulo, baba yake akawavisha, mimi nikakamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza yanayompa mtoto kinga. Pacha mmoja jike alitoka amelegea, mdomo wa baridi. Rehema akamchukulia chupa, nikamzuia.

"Usimpe bado. Akiwa baridi hivi, maziwa yatamuua. Mpashe joto kwanza."

Mume wangu alifungua koti lake, akamtia kifuani, akaenda kukaa jikoni kando ya jiko la kuni, akisoma dua kwa sauti ya chini. Tukaendelea na wengine, mimi nikiogopa kuchungulia mlangoni. Adhuhuri tukamsikia akituita.

"Ananyonya kidole changu."

Sikukuu ilipokwisha, laoban alirudi pamoja na Shifu. Jua lilikuwa limetoka. Wanambuzi walikuwa wanarukaruka katika makoti ya waridi, ya kijani, ya mirabamiraba. Laoban alitembea zizi zima, kisha akauliza waliokufa nimewazika wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena polepole, akidhani Kichina changu kimeteleza.

"Hakuna, laoban. Wote hawa hapa."

Shifu aliangua kicheko hadi akashika nguzo. Laoban alimbeba mmoja, akampapasa koti. Stroberi hazikupandwa. Mimi nikapewa usimamizi wa uzazi wa shamba zima, na kila mwaka kabla ya baridi gari la shamba likawa linashuka Kangle kuchukua vitambaa.

Sasa nimestaafu, tunaishi mjini. Wanaoendesha mazizi ni wanawake wa vijiji vya pale niliowafundisha mwenyewe, na hawanipigii simu kuniuliza la kufanya. Majira haya ya baridi, asubuhi moja, mume wangu alichungulia dirishani akasema huko vilimani leo lazima nyasi zimeganda. Nikamjibu kwamba bila shaka. Nikavuta blanketi, nikageukia upande wa pili, nikalala tena.